Jinsi ya Kukadiria Kama Homa ya Ini B Itarudi Baada ya Kuacha Dawa

Wagonjwa wengi wa homa ya ini B sugu, baada ya kumeza tenofoviri kwa miaka kadhaa na kuambiwa kwamba virusi havionekani tena kwenye damu, huuliza kama wanaweza kuacha dawa. Jibu halitokani na jinsi mtu anavyojisikia, kwa sababu dawa hizi huzuia virusi kuzaliana tu, huku vinasaba vyake vikibaki ndani ya kiini cha seli za ini, ambako vinaweza kuanza kazi upya dawa ikikatizwa.

Mwenye sirosisi, yaani ini lililojaa makovu, asiache dawa, kwani ugonjwa ukirudi ini lake linaweza kushindwa kabisa. Anayeishi na VVU naye akumbuke kwamba tenofoviri na lamivudini zilizomo katika dawa zake ndizo zinazodhibiti pia virusi vya ini.

Wengine waanze na historia yao. Aliyeanza matibabu akiwa na HBeAg, yaani protini ya virusi inayoonyesha kwamba vinazaliana kwa wingi, anatakiwa kwanza aipoteze na kupata kingamwili yake, kisha aendelee na dawa kwa angalau miezi 12. Ambaye hakuwa nayo, miongozo ya Ulaya ya 2017 ilitaka virusi visionekane kwa angalau miaka 3.

Kisha kipimwe kiasi cha HBsAg, yaani protini ya ganda la virusi, ambacho kwangu ndicho kipimo chenye uzito kuliko vyote. Kisichanganywe na kipimo cha haraka cha kutoboa kidole, ambacho hujibu ndiyo au hapana tu. Kwa hiyo, uwe unatibiwa katika hospitali za Dar es Salaam kama Muhimbili, Amana au Temeke, uliza kabla ya kulipia kama maabara inatoa namba. Kiasi kikiwa chini ya yuniti 100 kwa mililita mwishoni mwa matibabu, uwezekano wa kurudi hupungua sana. Kikiwa cha maelfu, huwa mkubwa. Hata hivyo, mpaka huo umetokana zaidi na wagonjwa wa Asia, ambao wengi wana makundi ya kijenetiki B na C ya virusi hivihivi (si homa ya ini C), ilhali kwetu kundi A ndilo lililoenea, hivyo namba nzuri isichukuliwe kuwa ahadi. Umri mkubwa huongeza hatari.

Baada ya kuacha, pima ALT, yaani kimeng'enya kinachopanda kwenye damu ini likiumia, na wingi wa virusi kila mwezi kwa miezi 3, kisha kila miezi 3 hadi mwaka utimie. Waliotumia tenofoviri mara nyingi hurudiwa mapema, katika miezi ya mwanzo. Waliotumia entekaviri, dawa nyingine ya ugonjwa huu, mara nyingi baada ya miezi 6. Virusi vikizidi yuniti 2,000 kwa mililita, na ALT ikapita maradufu ya kiwango cha juu cha kawaida, ugonjwa umerudi, na daktari ataamua kama dawa zirejeshwe. Kwa maoni yangu, asiye na uhakika wa kumudu vipimo hivi asiache dawa, hata kama namba zake zinapendeza.

Macho yakiwa ya njano, mkojo ukiwa mweusi, tumbo likijaa maji au akili ikichanganyikiwa, nenda hospitali siku hiyohiyo bila kusubiri tarehe ya kliniki.