Jinsi ya kutunza vimelea vya njiwa maabara bila kuvipotezea ukali

Ukimfungua njiwa mdomo ukakuta utando wa njano unaofanana na jibini, mara nyingi mhusika ni Trichomonas gallinae, kimelea cha seli moja. Kukitoa kooni na kukiotesha kwenye tyubu si kazi ngumu. Kazi iko kwenye kuhakikisha kwamba ulichonacho baada ya miezi minne bado ni kilekile kilichoua njiwa.

Nililipata hili kwa uchungu. Tulitoa kimelea kwa kinda aliyekufa ini likiwa limejaa madoa meupe, tukakihamisha tyubu hadi tyubu kwa miezi kadhaa, kisha tukakipandikiza kwa njiwa wazima. Hakuna aliyeugua. Tukaandika kwamba njiwa wale wana kinga. Bahati nzuri mwenzangu alikuwa amegandisha tyubu mbili za wiki ya kwanza. Tulipoziyeyusha na kurudia kazi, maini yakatoka na madoa yaleyale. Njiwa hawakuwa na kinga yoyote, ila kimelea chetu kilikuwa kimepoa, yaani kimepoteza ukali, ule uwezo wa kumdhuru ndege.

Hatua ya 1: Andaa lishe, yaani mchuzi wa kuoteshea kimelea, kabla ya kwenda bandani. Natumia lishe ya mtafiti Diamond ya mwaka 1957: triptikesi (protini iliyomeng'enywa), dondoo la hamira na maltosi, pamoja na seramu iliyopashwa moto, kiasi cha asilimia 10. Ongeza penisilini na streptomisini, la sivyo bakteria wa mdomoni watakutangulia. Tyubu ziwe zimeshapata joto la nyuzi 37. Lowesha kijiti cha pamba, pitisha taratibu kooni, kisha kitumbukize hapohapo. Kimelea hiki hakivumilii ukavu, na kijiti kilichosahaulika mezani ni safari iliyopotea.

Hatua ya 2: Tazama kwa hadubini. Utaona umbo la tone la maji likienda kwa kushtuka-shtuka, mijeledi minne mbele na utando unaopepea ubavuni. Ukiona bakteria wengi, hamishia kwenye tyubu mpya siku hiyohiyo.

Hatua ya 3: Hesabu kila uhamisho. Hapa ndipo wengi tunapozembea. Tyubu ya kwanza iandike U0 (U ni uhamisho), inayofuata U1, endelea hivyo, pamoja na tarehe. Vimelea vinahamishwa kila baada ya siku mbili hivi, kwa hiyo miezi minne ni karibu mara 60. Ndani ya tyubu chakula kipo tele, hakuna ukuta wa koo wa kupenya wala kinga ya mwili wa kupambana nayo. Wanaozaana haraka kwenye mchuzi ndio wanaotawala, hata kama hawawezi tena kumdhuru ndege. Watafiti Stabler, Honigberg na King walilionyesha hili mwaka 1964 kwa ukoo wa Jones' Barn, yaani kizazi cha kimelea hikihiki chenye asili moja, ukoo mkali mno: kadiri ulivyokaa kwenye lishe ya maabara, ndivyo ukali wake kwa njiwa ulivyoshuka. Jambo hilihili hutumiwa kwa makusudi pia. Huko Vienna, Histomonas meleagridis, kimelea cha bata mzinga, kilihamishwa mara 295 hadi kikalegea, kikajaribiwa kama chanjo.

Hatua ya 4: Gandisha mapema. Usingoje kupata nafasi. Nagandisha ifikapo U3, vimelea vikiwa bado vinakimbia na havijaanza kufa. Changanya na dimethili sulfoksidi, kemikali inayokinga seli zisiharibiwe na barafu, ifike asilimia 5, gawa kwenye vichupa vidogo visivyopungua kumi, shusha joto polepole, takriban nyuzi 1 kwa dakika, kisha peleka kwenye nitrojeni ya kimiminika. Kuyeyusha ni kinyume chake: haraka, kwenye maji ya nyuzi 37, na moja kwa moja kwenye lishe mpya. Kichupa kilichoyeyushwa hakirudi kwenye nitrojeni.

Hatua ya 5: Pima ukali, usiukisie. Mwendo mzuri chini ya hadubini hauonyeshi ukali. Kipimo ni ndege, kwa hiyo pata kwanza kibali cha kamati ya maadili, na uweke mapema dalili za kusitisha jaribio ili ndege asiteseke bure. Tumia njiwa wachanga ambao vijiti vitatu vya siku tofauti havikuonyesha kimelea. Ndege mkubwa wa sokoni hafai: Stabler alishaonyesha mwaka 1948 kwamba aliyewahi kuambukizwa ukoo mpole hustahimili ukoo mkali, na utadhani kimelea chako kimelegea kumbe ni kinga yake. Linganisha U3 na tyubu uliyonayo sasa, idadi sawa ya vimelea hai, siku moja. Fungua ini, usiishie mdomoni.

Ukikuta tyubu ya sasa imelegea, ifunge na uanze upya na kichupa cha U3. Na kwenye ripoti yoyote utakayoandika, namba ya uhamisho ikae kando ya jina la kimelea.