Buti za mlimani: njoo jioni, na soksi zako

Ukitaka buti za mtumba za kupandia Usambara, usije kwangu asubuhi. Njoo jioni, miguu imeshavimba kidogo kwa joto la Tanga na kutembea, na uje na soksi nene utakazovaa safarini. Namba pekee isikudanganye: 42 ya kiwanda kimoja hubana kuliko 42 ya kingine.

Vaa bila kufunga kamba, sukuma mguu mbele mpaka vidole viguse. Nyuma ya kisigino kiingie kidole kimoja cha mkono, bila kulazimisha. Pimia mguu mkubwa, maana kwa watu wengi miguu hailingani. Halafu funga kamba, ushuke ngazi. Vidole vikigonga mbele, iache hata kama bei inavutia; ukishuka kutoka Lushoto kucha zitakuuma vibaya. Kisigino kikiinuka ndani, tegemea malengelenge. Usikubali muuzaji akuambie "itatanuka": ngozi hutanuka upana, si urefu.

Mwisho kagua soli. Ikunje kwa nguvu, ibonyeze kwa ukucha. Soli za sponji zilizokaa miaka mingi humeguka ghafla njiani, hata buti ikionekana mpya.