Kuchagua kihisi cha alamu ya gari: anza na mahali gari linapolala

Mteja mmoja wa Sinza aliniletea Toyota IST yake akilalamika kwamba alamu inalia usiku kucha. Alikuwa amefungiwa kihisi cha mawimbi ya redio, na nyumba yake iko kando ya njia ya watu. Kila aliyepita karibu na mlango aliamsha king'ora. Baada ya wiki mbili majirani waliacha kuchungulia, naye akaanza kuizima kabla ya kulala. Vioo vya pembeni vikaondoka usiku mmojawapo alipokuwa ameizima. Kihisi kilikuwa kizima kabisa, ila hapakuwa mahali pake. Tangu hapo sifungi kitu kabla ya kuuliza gari linalala wapi.

Hatua ya 1: Taja unachoogopa kuibiwa

Laptopu iliyoachwa kiti cha nyuma, saiti mira, rimu, au gari zima kuvutwa: kila kimoja kinalindwa na kihisi tofauti. Kama huna jibu, angalia walichoibiwa jirani zako.

Hatua ya 2: Jua kila kihisi kinahisi nini

Kihisi cha mtikisiko ndicho huja ndani ya boksi la alamu nyingi. Tafuta chenye ngazi mbili: pigo dogo linatoa mlio mfupi wa onyo, pigo kubwa linawasha king'ora. Cha ngazi moja sikipendi, maana kwake mpira wa watoto na nyundo ni kitu kimoja.

Cha sauti isiyosikika kina vichwa viwili, kimoja kila nguzo ya kioo cha mbele. Hutuma mawimbi ya kilohezi 40 hivi, wakati sikio la mtu huishia kama 20, kisha husoma mwangwi unavyobadilika kitu kikisogea ndani. Kinamnasa vizuri aliyeingiza mkono baada ya kuvunja kioo. Udhaifu wake ni upepo. Kwa joto la Dar wengi huacha kioo wazi kidogo, na hapo kitakusumbua. Kinyago kinachoning'inia kwenye kioo cha ndani nacho kiondoe.

Cha mawimbi ya redio, yaani rada ndogo, hupenya kioo, plastiki na kitambaa, lakini si chuma. Kwa hiyo kinaweza kumwona mtu aliye nje, na hiyo ndiyo faida yake na ndiyo hatari yake. Kwa gari la turubai au lenye paa linalofunguka, chagua hiki, kwa sababu cha sauti hakitafaa kitu.

Cha mwinamo hutambua gari likiinuliwa kwa jeki au kuvutwa. Mwenye rimu za bei asikikose.

Hatua ya 3: Linganisha na maegesho

Ndani ya geti: mtikisiko wa ngazi mbili pamoja na rada. Kando ya barabara: mtikisiko pamoja na cha sauti, vioo vikiwa vimefungwa, na rada uiache dukani. Kuhusu saiti mira niseme wazi: mwizi mwenye mkono mwepesi anaweza kuichomoa bila kihisi cha mtikisiko kushtuka. Gari la barabarani lichongwe namba kwenye vioo vya saiti mira, na saiti mira zenyewe zipigwe riveti pia.

Hatua ya 4: Pima betri

Zima gari, chomoa waya wa hasi wa betri, weka multimita (kipima umeme) katikati ya waya huo na betri, ukitumia tundu la ampia 10. Funga milango na subiri nusu saa kompyuta za gari zilale. Usiwashe gari mita ikiwa hapo. Alamu na vihisi vyake vikiwa kazini, jumla isizidi miliampia 50. Kiasi hicho peke yake hula ampia-saa 1.2 kwa siku, karibu 17 kwa wiki mbili. Kwa betri ya ampia-saa 45 hiyo ni zaidi ya theluthi. Anayesafiri mara kwa mara na kuliacha gari nyumbani asirundike vihisi.

Hatua ya 5: Funga

Cha mtikisiko kikazwe kwenye chuma kigumu cha bodi, chini ya dashibodi. Kukifunga kwenye fungu la nyaya ni kukiziba masikio. Rada iweke katikati ya gari, chini ya plastiki ya gia, pasiwe na chuma juu yake. Rangi za nyaya hutofautiana kati ya alamu na alamu, kwa hiyo pima kwanza ipi ina volti 12 na ipi ni athi, yaani hasi ya bodi.

Hatua ya 6: Rekebisha

Anza na usikivu wa chini kabisa, kisha uongeze kidogo kidogo kwa bisibisi. Kila ukirekebisha, funga gari kwa rimoti na subiri dakika nzima, kwa kuwa alamu nyingi huchelewa kuamsha vihisi. Piga kioo kwa kiganja: itoe onyo tu. Gonga bodi kwa ngumi: ilie. Kwa cha sauti au rada, shusha kioo kimoja kabla ya kufunga, kisha ingiza mkono. Kwa rada, zunguka pia gari ukiwa hatua mbili mbali: inyamaze.

Jaribio la mwisho lifanyike pale gari linapolala, usiku, malori na bodaboda zikipita. Ikilia bila sababu, punguza robo mzunguko na uiache ikiwa imewashwa hadi asubuhi.