Seva ya Minecraft iko hapo nyumbani lakini watu hawaingii? Anzia karibu ndio uende mbali

Likizo ikifika nyumba yetu hapa Majengo hujaa watoto wa ndugu zangu, mchana jua kali hakuna wa kutoka, na wote wataka kucheza Minecraft dunia moja. Kumnunulia kila mtoto bando kila siku haiwezekani, ndio nikaweka seva (programu inayoshikilia dunia ya gemu ili wengine waingie) kwa kompyuta ya sebuleni na kila mtu anaingia kwa waifai ya nyumba, gemu yote inapita humo humo ndani haitoki nje. Kuwasikia watoto saba wakikimbia zombi pamoja ni raha sana wallahi. Lakini kuna siku anakuja mmoja, "ami mbona mimi siingii", halafu wa pili, mara wote, na kama hujui pa kuanzia utageuza hiki utageuza kile mpaka hata kilichokuwa sawa kiharibike.

Kitu cha kwanza, usikimbilie rauta, kile kifaa kinachogawa waifai. Wengi wakiona mtu haingii wanaenda moja kwa moja kufungua poti (mlango wenye namba ambao programu hupokelea ujumbe) kwa rauta, na hiyo haina kazi hapa, kufungua poti ni kwa mtu anayeingia kutoka nje ya nyumba. Mkiwa waifai moja rauta haihitaji kufunguliwa chochote.

Anza kwa ile kompyuta yenye seva. Fungua gemu hapo hapo, mahali pa kuweka anwani andika localhost (maana yake kompyuta hii hii), ingia. Ukiingia basi seva ni nzima, tatizo liko njiani. Usipoingia wachana na waifai kabisa, tatizo ni seva yenyewe, kasome lile dirisha jeusi la maandishi la seva. Seva iliyo tayari huandika neno Done na sekunde ilizotumia kuwaka. Kama haijafika hapo mara nyingi ni moja ya haya: hujafungua faili ya eula.txt (ya kukubali masharti) ukaandika eula=true, ama Java yako (programu inayoendesha seva) ni ya zamani (Minecraft 1.18 inataka Java 17, 1.20.5 inataka Java 21), ama imeandika FAILED TO BIND TO PORT. Hiyo ya mwisho maana yake poti 25565 ishakaliwa, na anayekaa hapo mara nyingi ni seva yako mwenyewe ya jana ambayo haikufungwa vizuri bado inaendelea kimyakimya. Kwa Windows fungua Command Prompt (dirisha la kuandika amri) uandike netstat -ano | findstr 25565 utaona namba ya programu iliyoshika poti, kaifunge kwa Task Manager.

Hapo sawa, sasa anwani. Andika ipconfig kwa Command Prompt ya kompyuta yenye seva utafute IPv4, ndiyo anwani ambayo wengine wataandika, hapa kwetu huwa kitu kama 192.168.1.20. Angalia vizuri, ukiwa umewahi kuweka VPN au programu za kuendesha kompyuta ndani ya kompyuta utaona anwani tatu nne, chukua ile ambayo chini yake Default Gateway imejazwa. Ukiona inaanza na 169.254 basi kompyuta haikupewa anwani na rauta, chomoa kebo uchomeke tena au zima waifai uwashe.

Na kabla hujaenda mbali muulize mtoto anacheza na nini! Minecraft ya simu ni Bedrock, hii yetu ya kompyuta ni Java, hizo mbili haziingiliani hivi hivi. Bedrock hutumia poti 19132 ya UDP (njia tofauti ya kusafirisha ujumbe, Java hutumia TCP) na ina seva yake. Mtoto wa dada yangu alikaa siku nzima anaandika anwani sahihi kabisa kwa simu, mimi namwambia jaribu tena jaribu tena, na simu isingeingia hata tungefanya nini.

Sasa sikiliza hapa kwa sababu hapa ndipo penye siri. Mtu akikosa kuingia soma maneno aliyopewa, usikubali tu "imekataa". Kuna "Connection refused" na kuna "Connection timed out" na hayo ni mambo mawili tofauti kabisa. Refused ni kama umebisha hodi nyumbani kwa mtu ukajibiwa hakuna huyo hapa, yaani umefika, kompyuta imekusikia, lakini kwa hiyo poti hakuna anayesikiliza. Basi seva imezimwa, au poti kwa server.properties (faili ya mipangilio ya seva) si ile unayoandika, au hiyo anwani sai ni ya kompyuta nyingine. Timed out ni umebisha hodi hakuna sauti yoyote, umengoja umechoka. Hapo kuna kitu kinameza ujumbe njiani, na mara nyingi ni faiawoli (mlinzi wa kompyuta anayezuia ujumbe usiotakiwa) ama hamko kwa mtandao mmoja.

Faiawoli ya Windows basi. Nenda kwa mipangilio ya mtandao uangalie waifai yako imewekwa Public au Private, ikiwa Public Windows inadhani uko kwa mkahawa na inafunga milango, weka Private. Halafu ongeza kwa faiawoli sheria ya Inbound (ya ujumbe unaoingia), TCP, poti 25565, ruhusu. Mimi napenda sheria ya poti kuliko kuruhusu programu ya Java, kwa sababu ile ya programu inashika njia ya faili, siku ukiweka Java mpya iko folda nyingine na sheria haimhusu tena, ndio utasikia mtu anasema jana ilikuwa inafanya leo haifanyi na hajagusa kitu. Usizime faiawoli yote ukaiacha, kama wataka kujaribu zima dakika moja, jaribu, washa. Na usitegemee ping (amri ya kujaribu kama kompyuta inajibu) peke yake, Windows inaweza kukataa ping na seva ikawa inapokea watu vizuri. Kwa kompyuta ya pili fungua PowerShell uandike Test-NetConnection 192.168.1.20 -Port 25565, ukiona TcpTestSucceeded ni True njia iko wazi.

Kama bado ni kimya, angalia kama kweli mko mtandao mmoja. Simu au laptopu inaweza kuwa kwa waifai ya wageni, na hiyo kazi yake ni kuzuia wageni wasione vyombo vya ndani. Rauta nyingine zina kitu kinaitwa AP isolation, kikiwa kimewashwa vyombo haviongei hata vikiwa waifai moja, intaneti mnayo wote lakini hamuonani.

Ile iliyonisumbua zaidi ni rauta mbili. Nyumba ya shangazi Mji wa Kale zile kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kweli kweli, waifai ya 5GHz ikivuka ukuta mmoja ishakufa. Fundi akaja akaweka rauta ya pili juu, kebo akachomeka tundu la WAN (la kupokea intaneti). Intaneti ikashika vizuri, kila mtu akafurahi. Lakini hiyo ya juu ikawa inagawa anwani zake yenyewe 192.168.0 na ya chini inagawa 192.168.1, na seva ilikuwa juu. Walio juu wanaingia, walio chini kimya. Jambo la kushangaza ni kwamba tulipoihamisha seva chini wote wakaingia, kwa sababu rauta ya juu inaruhusu walio nyuma yake kutoka lakini hairuhusu mtu wa chini kupanda. Dawa ya kweli ni kuibadilisha ile ya pili iwe access point (iongeze waifai tu, isigawe anwani), na kama haina hiyo basi zima DHCP yake (kazi ya kugawa anwani), ipe anwani isiyogongana na ya kwanza, kebo uitoe WAN uichomeke tundu la LAN (la vyombo vya ndani). Na seva ipe kebo, usiiweke kwa waifai kama unaweza kuepuka.

Halafu stima. Ikipotea ikarudi, rauta inaweza kugawa anwani upya, kompyuta iliyokuwa 20 inakuwa 23, na watoto wote wameandika 20. Ingia kwa rauta, tafuta sehemu ya DHCP, ihifadhie kompyuta ya seva anwani moja kwa MAC yake (namba ya kadi yake ya mtandao), umemaliza. Kwa server.properties pale pa server-ip acha patupu, ukiandika anwani pale na ikabadilika seva haitawaka na utaambiwa ni poti, utahangaika na poti ambayo haina kosa.

Kuna na siku intaneti imekatika na waifai iko, seva iko, hakuna anayeingia, inasema imeshindwa kuthibitisha jina. Hiyo ni online-mode kwa server.properties, ikiwa true kila anayeingia lazima akaguliwe kule nje kwa intaneti kwanza. Ukiweka false mnaweza kucheza bila intaneti, lakini jua mambo mawili. Yeyote anaweza kuingia kwa jina la mwenzake, kwa hivyo usiwahi kuifungulia nje seva ya namna hiyo. La pili, seva inamuona kila mchezaji kama mtu mpya, vitu vyote alivyobeba havipo. Siku hiyo kulikuwa na kilio hapa, almasi zimeenda! Hazijaenda, ukirudisha true zinarudi.

Gemu ikikwama kwama, uliza inakwama kwa nani. Ikiwa kwa mmoja ni waifai yake. Ikiwa kwa wote kwa pamoja ni kompyuta, na kwa dirisha jeusi utaona "Can't keep up", seva inatakiwa ipige hatua 20 kwa sekunde na imeshindwa. Punguza view-distance (umbali ambao mchezaji huona) kutoka 10 mpaka 6, na laptopu iondoe juu ya kitanda, miezi ya kaskazi joto letu hili na feni imezibwa na godoro haiwezi.

Na seva usiizime kwa kufunga dirisha, andika stop ungoje imalize kuandika. Folda ya world mimi nainakili kwa flashi kila Alhamisi usiku, seva ikiwa imezimwa, kwa sababu ukinakili huku inaandika unaweza kuondoka na faili nusu na hutajua mpaka siku unaihitaji.