Kutafuta hitilafu za umeme kwenye Land Rover ya zamani iliyofufuliwa: anza na ethi

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumaliza kazi ya Land Rover 109 ya Series III ambayo mwenyewe, mzee mmoja wa Morogoro, alikuwa ameihangaikia kwa karibu miaka mitatu. Chasisi ilikuwa imepigwa mchanga hadi kutu yote ikatoka, ikapakwa praima na rangi mara mbili, bodi ikarudishwa, injini ikafunguliwa na kufungwa upya. Gari liliwaka vizuri, lakini umeme haukutulia. Akikanyaga breki usiku, taa ndogo za nyuma zilififia. Akiwasha indiketa ya kulia, zilififia na kurudi kwa mdundo uleule wa indiketa. "Fundi, globu nimebadilisha zote, swichi ya breki nimebadilisha, na hii ni flasha ya pili ya kupigisha indiketa," aliniambia, na kweli risiti zote alikuwa nazo ndani ya bahasha. Katika vifaa hivyo vyote hapakuwa na hata kimoja kibovu; ubovu ulikuwa kwenye ethi, yaani njia ya chuma ambayo umeme hurudi nayo kwenye betri.

Ninayoeleza yanahusu Series III, zilizotengenezwa kati ya mwaka 1971 na 1985, lakini gari lolote la Kiingereza la miaka hiyo lenye vifaa vya umeme vya kampuni ya Lucas litafuata njia hiyohiyo kwa sehemu kubwa.

Vifaa vinavyohitajika ni vichache: mita ya dijitali ya bei ya kawaida, globu ya wati 21 iliyolehemewa nyaya mbili ndefu zenye klipu, msasa, brashi ya waya, washa zenye meno, vaselini, na mchoro wa nyaya wa gari lako. Testa ndogo zinazowaka kwa taa ya LED sizitumii kwenye magari haya, wala simshauri mtu azitumie. Taa hiyo huwaka kwa mkondo mdogo mno, kwa hiyo waya uliobakiwa na unyuzi mmoja tu wa shaba utaonekana mzima. Globu ya wati 21 huvuta karibu ampea 1.8, na waya mbovu hauwezi kuibeba bila kujionyesha.

Hatua ya kwanza: fungua betri, kisha soma rangi

Ondoa terminali ya ethi kwanza, na wakati wa kurudisha ifunge mwisho, ili spana ikigusa bodi isipige shoti. Hakikisha pia kwamba gari lako lina hasi kwenye bodi. Series III zote ziko hivyo, lakini Series II za mwanzo zilitoka zikiwa na chanya kwenye bodi, na alternata (mashine ya kuchaji betri) hufa mara moja ikifungwa kinyume.

Rangi za nyaya ndizo ramani yako. Kahawia ni moto (umeme unaotoka betri kwenda kwenye vifaa) wa moja kwa moja kutoka kwenye betri, usiopita kwenye fyuzi. Nyeupe ni moto unaotoka kwenye swichi ya ufunguo, nao haujapita kwenye fyuzi. Kijani ni moto wa ufunguo uliokwisha kupita kwenye fyuzi, na zambarau ni moto wa kudumu uliokwisha kupita kwenye fyuzi. Nyekundu ni taa ndogo, buluu ni taa kubwa, na nyeusi ni ethi. Kijani chenye mstari mweupe ni indiketa ya kulia, chenye mstari mwekundu ni ya kushoto, na chenye mstari wa zambarau ni taa za breki. Ukikuta rangi isiyoingia katika mpango huu, jua kuna fundi aliyepita hapo kabla yako, na uanze kuchunguza hapo.

Hatua ya pili: betri

Betri iliyojaa na kupumzika usiku kucha husoma karibu volti 12.6. Ikisoma 12.2, imebaki nusu. Ichaji kwanza, kwa sababu vipimo vyote vinavyofuata vitakudanganya.

Hatua ya tatu: ethi, na kwa nini usiipime kwa omu

Hapa ndipo nilipopoteza siku moja na nusu, na ndiyo sababu kubwa ya kuandika mwongozo huu.

Siku ya kwanza nilifanya kama wengi tunavyofanya. Niliiweka mita kwenye omu (kipimo cha ukinzani wa umeme), ncha moja kwenye kitako cha taa ya nyuma, nyingine kwenye terminali ya hasi ya betri. Mita ikaonyesha kama omu moja. Kwa kuwa hata ncha za mita zikigusanishwa zenyewe huonyesha sehemu ya omu, niliona namba hiyo ni ndogo, nikaamini ethi ni nzima, nikahamia kwenye nyaya za mbele. Nilifungua fungu lote la nyaya kutoka kwenye dashibodi hadi nyuma, nikakagua kila kiungio, nisione kitu.

Kosa lilikuwa kwenye kipimo chenyewe. Mita ikiwa kwenye omu hupitisha mkondo mdogo sana, na kwa mkondo huo omu moja haina madhara yoyote yanayoonekana. Gari likiwa kazini hali ni nyingine kabisa: taa ndogo mbili za wati 5 na taa za breki mbili za wati 21 ni wati 52, yaani zaidi ya ampea 4, na omu moja mbele ya mkondo wa namna hiyo hula volti nyingi. Kwa hiyo ethi ipimwe kwa volti, taa zikiwa zimewashwa, namna hii.

Weka mita kwenye volti za DC. Ncha nyeusi iweke kwenye nguzo yenyewe ya hasi ya betri, usiiweke kwenye klipu inayoibana, maana klipu nayo inaweza kuwa ndiyo mbovu. Ncha nyekundu igusishe kitako cha chuma cha taa unayoipima, upande wake wa ethi. Sasa washa taa usome. Ethi nzima itakupa sifuri au karibu nayo. Mimi sikubali zaidi ya volti 0.1 kwenye saketi za taa. Taa zikiwa zimezimwa kipimo hiki hakina maana, kwa sababu pasipo mkondo hata ethi mbovu kabisa husoma sifuri. Jambo hili naomba ulishike sana, kwa sababu watu hupima huku gari limezimwa kisha wakaapa kwamba ethi ni nzima.

Kwenye gari la mzee, taa ndogo peke yake zilinipa 0.6. Mtu alipokanyaga breki mita ikapanda hadi 2.7, na indiketa ya kulia ilipoongezwa namba ikawa inaruka kati ya 2.7 na 3.4 kila indiketa ilipowaka. Kumbe taa zote za nyuma zilikuwa zikigawana njia moja nyembamba ya kurudi, na kila globu iliyoongezeka iliwanyang'anya wenzake volti. Flasha ya aina ya zamani huendeshwa na joto la mkondo unaopita ndani yake, kwa hiyo mkondo ukipungua mdundo hubadilika au husimama kabisa, na watu hununua flasha nyingine.

Baada ya hapo fuata waya mweusi ukiihamisha ncha nyekundu hatua kwa hatua kuelekea kwenye betri: kitako cha taa, kiungio, kijicho cha waya (pete ya chuma iliyo mwishoni mwake), boliti, chuma cha chasisi. Mahali namba inapoanguka ghafla ndipo penye ubovu. Kwangu ilianguka kati ya kijicho cha waya na chasisi, kwenye boliti moja ya nyuma. Nilipoifungua, chini ya kijicho rangi mpya ilikuwa bado inang'aa, haina hata mkwaruzo. Kwenye meno ya boliti palikuwa na mstari mmoja wa chuma kitupu, mwembamba kama uzi wa kushonea, na umeme wote wa nyuma wa gari ulikuwa ukirudi kwa kupitia hapo.

Matengenezo yake ni mepesi, lakini yafanywe kwa ukamilifu. Kwangua rangi na praima hadi chuma king'ae, kwa upana wa kijicho cha waya. Safisha kijicho pande zote mbili, weka washa yenye meno kati yake na chuma, kaza vizuri, kisha ndipo upake vaselini au rangi kwa juu ili unyevu usiingie. Usipake rangi kwanza ukategemea boliti itajikwangulia yenyewe.

Kuna mambo matatu zaidi kuhusu ethi ya Land Rover. La kwanza, bodi yake ni ya aluminiamu na chasisi ni ya chuma. Metali hizi mbili zikigusana penye unyevu huliana, na utaona unga mweupe kwenye maungio. Kwa magari ya Tanga, Dar es Salaam au Mombasa, penye hewa ya chumvi, hali hii huja upesi zaidi. Kwa sababu hiyo siiamini bodi kuwa njia ya ethi. Mimi huvuta waya mweusi kutoka kwenye kila taa hadi kwenye chasisi, hata kama kiwanda hakikufanya hivyo.

La pili, injini imekaa juu ya mipira, kwa hiyo ina ethi yake ya pekee, mkanda wa shaba unaoiunganisha na chasisi. Kwenye ufufuaji mkanda huu husahaulika mara nyingi kuliko kitu kingine chochote. Ukikosekana, mkondo wa stata hutafuta njia kwenye kebo kama ya choki, nayo hupata moto hadi ganda likayeyuka. Chomoa waya mweupe wa koili ili injini isiwake, weka ncha nyeusi kwenye nguzo ya hasi ya betri na nyekundu kwenye bloku, kisha zungusha stata. Ukiona zaidi ya volti 0.5, kuna kazi ya kufanya kwenye mkanda au kwenye kebo ya betri.

La tatu, kipimo hiki kinafaa pia upande wa moto. Weka ncha moja kwenye nguzo ya chanya na nyingine kwenye mguu wa globu unaopokea moto, taa ikiwa imewashwa, na namba utakayoiona ni volti zinazopotea njiani kwenye swichi na viungio.

Hatua ya nne: fyuzi zinazokatika

Kabla ya kutafuta shoti, angalia ni fyuzi gani iliyowekwa. Fyuzi za kioo za Lucas ziliandikwa kiwango cha kukatika: iliyoandikwa 35 hubeba ampea 17 kwa kudumu. Fyuzi nyingi za kisasa huandikwa kiwango cha kubeba, kwa hiyo ukiweka ya kisasa ya 35 mahali pake, umeruhusu waya ubebe mara mbili ya ilivyokusudiwa. Weka ya 15.

Ukishajua fyuzi ni sahihi na bado inakatika, usichome fyuzi nyingine. Iondoe, na ile globu ya wati 21 iunganishe mahali pake. Zima vifaa vyote vya saketi hiyo. Kama kuna shoti, globu itawaka kwa nguvu zote bila kuharibu waya. Sasa tikisa nyaya na chomoa viungio kimoja kimoja. Globu ikizimika, umefika. Anza mahali nyaya zinapopenya ukuta wa injini, kwa sababu mipira ya matundu hayo huwa imekauka, au haikurudishwa baada ya kupaka rangi. Nyaya za kahawia, kwa kuwa hazina fyuzi, mimi huziwekea fyuzi kubwa karibu na betri. Gari la kiwandani halikuwa nayo, na najua wapo wanaotaka kila kitu kiwe kama cha kiwandani, lakini waya wa kahawia ukipiga shoti hakuna kitu kingine cha kuuzuia usiwake moto.

Viunganishi vya plastiki vinavyobanwa juu ya waya na kukata ganda lake viondoe vyote. Hukata na nyuzi za shaba, na unyevu huingia papo hapo.

Hatua ya tano: geji za mafuta na joto

Geji moja ikikosea, tafuta kwenye kihisio chake. Zikikosea zote mbili kwa pamoja, tatizo ni kidhibiti cha volti nyuma ya dashibodi, kinachopokea waya wa kijani na kutoa wastani wa volti 10 kwenye waya wa kijani hafifu. Kikipoteza ethi, geji zote mbili husoma juu. Kikaze ethi kabla ya kununua kingine.

Hatua ya sita: chaji

Injini ikizunguka kasi ya wastani, betri isome kati ya 13.8 na 14.4. Isipopanda, angalia kwanza taa ya chaji kwenye dashibodi: mkondo wa kuiamsha alternata hupitia kwenye globu hiyo, na ikiungua alternata nzima inaweza kukataa kuchaji.

Hatua ya saba: taa kubwa

Katika mpango wa asili, mkondo wote wa taa kubwa hupita kwenye swichi ya dashibodi na swichi ya kubadilisha mwanga. Globu mbili za wati 60 ni karibu ampea 10 kwenye miguso yenye umri wa miaka 40 na zaidi. Volti zikishuka kwa asilimia 10, mwanga hupungua kwa karibu theluthi moja. Funga rilei mbili (swichi zinazowashwa na mkondo mdogo ili zipitishe mkubwa) karibu na taa, moja ya mwanga wa mbali na moja ya mwanga wa chini, kila moja na fyuzi yake, ili moja ikifa ubaki na nyingine barabarani. Moto wake uvute kwa waya wa milimita 4 za mraba, na ethi yake upeleke kwenye chasisi.

Kwenye gari la mzee, taa ya kulia ilikuwa ikipata volti 11.1 wakati betri ina 13.9. Baada ya rilei ikapata 13.5. Mabadiliko yote nimeyachora kwa kalamu nyekundu kwenye nakala ya mchoro wa nyaya, ikiwamo boliti ile ya nyuma, na nakala hiyo sasa imo garini, kwenye ile bahasha ya risiti.