Namna ya Kusuka Kikalio cha Solihiya kwenye Kiti cha Mbao

Katika nyumba kongwe za Ufilipino zilizojengwa enzi ya utawala wa Wahispania, zile zenye ukuta wa mawe chini na ghorofa ya mbao juu ambazo wenyeji huziita bahay na bato, viti vingi vya sebuleni vina kikalio na egemeo vilivyosukwa kwa tepe nyembamba za henzirani, mmea wa kutambaa wa jamii ya mitende. Ususi huo ndio solihiya. Huonekana kwenye viti vya mezani, na huonekana pia kwenye butaka, kiti cha kujinyoosha chenye mikono mirefu ambayo mtu huweza kuegemeza miguu juu yake. Katika nchi ya joto na unyevu kama ile, hewa hupita kwenye matundu ya ususi na mgongo haulowi jasho, nami naamini hiyo ndiyo sababu kubwa ya kazi hii kudumu.

Mbao iliyopendwa kuliko zote ni narra, mti wa taifa wa Ufilipino tangu mwaka 1934. Mti huo, Pterocarpus indicus, ni ndugu wa karibu wa mninga wetu, Pterocarpus angolensis, na seremala aliyezoea kuranda mninga ataitambua tabia yake mara moja: haujipindi ovyo, na unashika kiungo cha ulimi na tundu, yaani ncha iliyochongwa ya ubao mmoja ikiingia katika shimo la mwingine, bila kupasuka. Mwaka 2011 serikali ya Ufilipino ilisimamisha ukataji wa magogo katika misitu ya asili, na mafundi wengi hutumia mbao zilizotolewa katika nyumba zilizobomolewa. Nakushauri ufanye vivyo hivyo ukiweza, kwa sababu mbao kuukuu imekwisha kukauka na haitakusumbua baada ya kusukwa.

Kwa mara ya kwanza, usianze na kiti kipana mbele na chembamba nyuma. Anza na kigoda chenye fremu ya mraba. Unganisha pande nne kwa ulimi na tundu na kuzikaza kwa gundi na vigingi vidogo vya mbao. Usitumie misumari, kwa kuwa tepe zikikauka huvuta fremu kutoka pande zote kwa pamoja, na kiungo cha msumari hulegea. Uwazi wa ndani uwe sentimita 38 kila upande. Piga mstari wa penseli milimita 10 kutoka ukingo wa ndani, kisha toboa kwa keekee matundu ya milimita 5 yaliyoachana kwa milimita 12.5 kutoka kitovu hadi kitovu. Kila upande utakuwa na matundu 33 pamoja na yale ya kwenye pembe, na hesabu hiyo ni witiri kwa makusudi, ili lipatikane tundu la katikati. Lainisha midomo ya matundu juu na chini, maana ukingo mkali hukata utepe.

Maliza kusugua na kupaka mafuta au vanishi kabla ya kusuka. Zamani Wafilipino walisugua mbao kwa majani makavu ya is-is, mti wa jenasi ya Ficus wenye majani ya kukwaruza. Hapa msomaji wa Kiswahili yuko nyumbani kabisa, kwa kuwa karatasi yetu ya msasa imechukua jina la mti wa msasa, ambao nao ni Ficus.

Chagua tepe za upana wa milimita 2.5 na uziloweke katika maji ya vuguvugu kwa dakika 15 hadi 20, chache chache kwa kadiri ya kazi iliyo mbele yako. Upande unaong'aa ukae juu daima. Acha matundu ya kwenye pembe wazi. Anza katikati ya upande wa nyuma: chomeka utepe, uuzuie kwa kijiti kilichochongwa ncha, uvute hadi tundu la katikati la mbele, uushushe, kisha uupandishe katika tundu la jirani na kurudi nyuma. Jaza fremu yote namna hiyo. Tabaka la pili linatoka kulia kwenda kushoto na linalala tu juu ya la kwanza. La tatu linarudia njia ya la kwanza, likipita juu ya yote mawili, na kila utepe wake usukumwe kidogo kulia kwa ule wa chini.

Tabaka la nne ndilo linalosukwa kweli, na ndilo linalochosha vidole. Utepe unatoka tena kulia kwenda kushoto, unapita juu ya utepe wa tabaka la tatu na chini ya ule wa kwanza, jozi baada ya jozi. Usivute kwa nguvu. Henzirani iliyolowa hukaza yenyewe ikikauka. Ukimaliza, lowesha ususi kidogo na upange jozi kwa vijiti viwili hadi vyumba vya mraba vilingane. Usiharakishe hapo, kwa kuwa kosa lolote la mpangilio litaonekana maradufu kwenye mishazari, yaani tepe zitakazokatiza kutoka pembe hadi pembe.

Mshazari wa kwanza unaanzia tundu la pembe moja hadi pembe inayoikabili, ukipita juu ya jozi za mwelekeo mmoja na chini ya zile za mwelekeo mwingine. Ukiwa sahihi, utepe huteleza na kujificha kwenye kona za vyumba. Ukikwama na kukwaruzika, umekosea mpangilio, ufumue na ugeuze. Mshazari wa pili unatoka pembe nyingine na kufanya kinyume cha wa kwanza. Hapo ndipo vyumba vya mraba vinapogeuka kuwa matundu ya pembe nane.

Funga ncha zote chini kwa kuzizungusha kwenye mizingo ya tepe za jirani. Kisha laza utepe mpana juu ya safu ya matundu na uushone kwa utepe mwembamba. Acha kiti kivulini siku mbili kabla ya kukikalia, na baadaye, ususi ukianza kulegea, pangusa upande wa chini kwa kitambaa chenye maji na uuache ukauke usiku kucha.