Unaenda kupiga MRI ya goti lililofanyiwa operesheni? Soma hapa kwanza

Ripoti yangu ya kwanza baada ya operesheni ya ACL (kano ya katikati ndani ya goti) ilininyima usingizi wiki nzima, imeandikwa kano inang'aa huenda imechanika tena, kumbe kwenye fomu ya kuombea kipimo waliandika "maumivu ya goti" basi, hakuna hata neno kwamba nimepandikizwa kano miezi 7 iliyopita. Sa msoma picha atajuaje?

Kwahiyo kabla ya yote itafute ile ripoti ya operesheni: ulifanyiwa nini, kano ilitolewa nyuma ya paja au mbele ya goti, meniskasi (ile gegedu ya kati ya mifupa ya goti) ilishonwa au ilikatwa kipande, na LINI. Tarehe ndo kila kitu, maana kano ya kupandikiza mwanzoni kwenye picha ni nyeusi, halafu kuanzia kama mwezi wa 4 hivi inaanza kung'aa sababu mishipa ya damu inaingia na mwili unaijenga upya, na inaweza kukaa hivyo mwaka na zaidi ndo ipoe. Kung'aa peke yake sio kuchanika, cha kuangalia ni kama nyuzi zimeungana toka juu mpaka chini. Meniskasi iliyoshonwa nayo hivyohivyo, ule mstari unaweza kubaki hata miaka wakati imeshapona, ndo maana wengine hupigwa sindano ya dawa inayoonekana kwenye picha ndani ya goti, ili ijulikane iwapo dawa hiyo inapenya kwenye ufa.

Beba na CD za picha zako za zamani, ripoti tupu haitoshi.

Skrubu zilizoshika kano usiogope, za chuma nyingi ni titani, haing'olewi na sumaku ya mashine, ila inavuruga picha pale ilipo, so waambie mapema waiseti mashine. Na penye chuma mashine ya 1.5 Tesla (kipimo cha nguvu ya sumaku) mara nyingi inatoa picha safi kuliko ya 3, usidhani yenye nguvu ndo bora. Ila kama una betri ya moyo au kipande cha chuma kiliwahi kuingia jichoni, hapo hakuna utani, sema kabla hujaingia. Pini za mtandio na hereni acha nyumbani.

Halafu andika kwenye fomu goti linagoma nini hasa. Linaachia ukigeuka? Halinyooki mpaka mwisho? Mi langu lilikuwa halinyooki, nikaliandika hivyo na tarehe ya operesheni, CD ileile ikasomwa upya: kano nzima, shida ni kinundu cha kovu mbele yake.